Vifaru, ndege na ukuta wa makombora: nani alimfungulia nani njia pale Suez?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa historia, mwaka wa pili chuo kikuu. Kila ninaposoma kuhusu vita vya kisasa naambiwa kwamba ukiunganisha vifaru na ndege hakuna ulinzi usiovunjika, hata uwe na tabaka ngapi. Lakini Oktoba 1973, vitani na Misri na Syria, Israel ilikuwa na vyote viwili, na wiki ya kwanza ikapigwa vibaya pale Mfereji wa Suez. Wiki ya pili, vifaru vilevile na ndege zilezile vikafanikiwa kupenya na kuvuka ng'ambo. Nini kilibadilika? Na kama njia ilishafunguka, kwa nini mji wa Suez haukuanguka?"

Marahaba. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi, na kila nikilirudia natandaza ramani upya, kwa sababu wengi hulisimulia nusunusu. Wapenzi wa vifaru husimulia vifaru, wapenzi wa ndege husimulia ndege, na askari wa miguu aliyelala mchangani na kombora lake la kilo 11 husahauliwa na sisi tunaosoma.

Nianze na jibu lenyewe. Kilichobadilika ni zamu. Wiki ya kwanza Waisraeli walisubiri ndege zivifungulie vifaru njia, na ndege hazikuweza. Wiki ya pili vifaru ndivyo vilivyozifungulia ndege njia, kwa kwenda kuvipiga vituo vya makombora vya Misri kule kule vilikokuwa vimekaa. Mbingu ilifunguliwa kutoka ardhini. Ukishalishika hilo, mengine yote unayoyasoma juu ya vita hivi yatakaa mahali pake.

Sasa tuone huo ulinzi wa tabaka ulikuwaje, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Wakisikia "tabaka" wanafikiri kuta zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, ukivunja ya kwanza unaifuata ya pili. Pale Suez kulikuwa na kuta mbili, moja imelala ardhini na nyingine imesimama angani, na kila moja ilikuwa mlinzi wa mwenzake.

Ule wa angani ulijengwa kwanza. Mapigano ya miaka ya kuvizana kwenye Mfereji yaliposimamishwa Agosti 1970, Wamisri walisogeza makombora yao ya kutungulia ndege hadi karibu kabisa na maji. Yalikuwa ya aina mbalimbali, kila aina na kazi yake. SAM-2 ilikuwa ya ndege zinazoruka juu sana. SAM-3 ilizishika zile za chini kidogo. SAM-6, iliyokuwa ngeni kwa marubani wa Israel, ilibebwa na gari la minyororo, makombora matatu kwa gari, na iliweza kupiga leo hapa kesho ikawa pengine. Chini kabisa kulikuwa na SAM-7 anayoibeba askari begani, pamoja na Shilka, gari lenye mitutu minne ya milimita 23 inayoongozwa na rada. Rubani aliyeikwepa SAM-2 kwa kushuka chini aliangukia mikononi mwa SAM-6, na aliyeikwepa hiyo kwa kushuka zaidi alikutana na Shilka. Hapakuwa na urefu wa anga uliokuwa salama.

Ukuta wa ardhini ulisimamishwa kwa saa chache tu. Tarehe 6 Oktoba, yapata saa 8 mchana, ndege zaidi ya 200 za Misri zilipiga Sinai, jangwa la mashariki ya Mfereji lililokuwa mikononi mwa Waisraeli, na mizinga ipatayo 2,000 ikafuatia. Askari wa miguu walivuka kwa boti wakalikuta tuta la mchanga la Waisraeli, ambalo mahali pengine lilifika mita 20 kwenda juu. Tuta hilo walilikata kwa maji. Wazo lilitoka kwa mhandisi wa jeshi, Baki Zaki Youssef, ambaye alikuwa amefanya kazi kwenye Bwawa la Aswan na kuona jinsi maji yenye nguvu yanavyoupeleka mchanga. Pampu ziliwekwa, maji ya Mfereji wenyewe yakarushwa kwenye tuta, mapengo yakafunguka na madaraja yakaunganishwa.

Kisha wakafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia: wakasimama. Hawakukimbilia milima ya Sinai. Walishika ukanda wa kilomita kama 10 hivi wakajichimbia humo, chini ya mwavuli wa makombora yao. Jenerali Saad el-Shazly, mkuu wa majeshi, alijua kwamba askari wake wa mwanzo wangekaa saa nyingi bila vifaru vyao, basi akakusanya silaha za kupigia vifaru kutoka vikosi vya nyuma akawapa wao. (Huyu ndiye Shazly aliyekuwa Kongo mwaka 1960 akiongoza askari wa Misri waliokwenda na Umoja wa Mataifa. Wakongo wachache wanaofahamu hilo huniuliza juu yake mara kwa mara.)

Fundo lenyewe ndilo hilo. Ndege ikija kumpiga askari aliyechimba handaki, kombora la ng'ambo linaitungua. Kifaru kikija kukanyaga handaki, askari anakichoma. Na kituo cha makombora kilichoko ng'ambo hakifikiwi na kifaru, kwa sababu kati yao kuna divisheni tano za askari wa miguu na mfereji wa maji.

Waisraeli waliingia kwenye fundo hilo na mazoea ya mwaka 1967. Juni ya mwaka ule ndege zao zilikuwa zimeziteketeza ndege za Misri zikiwa bado uwanjani, na vifaru vikapita Sinai kwa siku chache. Kutokana na ushindi huo likatoka fundisho ambalo jina la Jenerali Israel Tal huambatana nalo sana: kifaru kinatosha, na ndege ndiyo mizinga yake. Askari wa miguu wa kwenda sambamba na vifaru wakapunguzwa, mizinga ya kawaida nayo ikabaki michache. Kinachoniuma ni kwamba mwaka huohuo wa 1967 walikuwa na mfano mwingine mbele ya macho yao, ule wa Abu Ageila. Pale divisheni ya Ariel Sharon ilivunja ngome yenye mistari ya mahandaki usiku kwa kuunganisha kila kitu: askari wa miguu ndani ya mahandaki, vifaru pembeni, mizinga, na askari wa miavuli walioshushwa kwa helikopta nyuma ya mizinga ya Misri ili wainyamazishe. Waliuacha mfano wa Abu Ageila wakauchukua ule wa mbio za jangwani, pengine kwa sababu mbio zina utamu wake.

Tarehe 8 Oktoba divisheni ya Avraham Adan ilipelekwa kurudisha mashambulizi. Ilikwenda bila mizinga ya kutosha, karibu bila askari wa miguu, na ndege zilizotokea zilikuwa chache mno. Siku iliyotangulia jeshi la anga lilikuwa limeanza kuvishambulia vituo vya makombora vya Misri, likakatishwa baada ya wimbi la kwanza na kukimbizwa upande wa Golan ambako Wasyria walikuwa wanapenya, na huko likapoteza ndege 6 za kivita za Phantom katika shambulizi moja. Kwa hiyo Adan hakuwa na mbingu wala ardhi. Batalioni ya Assaf Yaguri ilikimbilia Mfereji pale Firdan, na kwa dakika chache vifaru vyake vingi vilikuwa vinawaka. Yaguri mwenyewe alitekwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na siku ile ukingo ulikuwa wa Mfereji.

Ngoja nikusogeze karibu kidogo, umwone aliyeviunguza vifaru hivyo. Silaha yake iliitwa Malyutka na Warusi, Sagger na nchi za Magharibi. Aliibeba mgongoni kwenye sanduku linalofanana na begi la safari. Akifika mahali, anafungua sanduku, kifuniko kinakuwa kitako cha kurushia, anaunga kichwa cha kombora na mwili wake, kisha anavuta waya na kwenda kulala hadi mita 15 pembeni akiwa na darubini na kijiti cha kuongozea. Akifyatua, kombora linaondoka likifumua nyuzi nyembamba nyuma yake, na mkiani linawaka taa ili alione. Kuanzia hapo kazi yake ni kulitazama kombora na kukitazama kifaru kwa pamoja, akilisogeza kwa kidole, juu, chini, kushoto, kulia. Kwa shabaha ya kilomita 3 hiyo ni kama sekunde 25. Hesabu mwenyewe sekunde 25 kimyakimya, ndipo utajua ni muda mrefu kiasi gani kwa mtu anayeshambuliwa.

Na ndani ya sekunde hizo ndiko kulikokuwa na dawa yake. Bomu la mzinga likimwangukia karibu, au bunduki ya rashasha ikimfukia uso kwa mchanga, mkono unatetemeka na kombora linakwenda kupiga jangwa. Hahitaji hata kujeruhiwa. Mizinga na askari wa miguu wa kumsumbua mtu huyu ndio ambao Adan hakuwa nao asubuhi ile, na vifaru peke yao havikuweza kumwona, sembuse kumlenga. Kidole kimoja hakivunji chawa. Baada ya siku chache Waisraeli walijifunza kuweka mtu wa kutazama taa ya kombora, kupiga kelele kwenye redio, kusogea ovyo huku wote wakimimina risasi upande lilikotoka. Somo hilo walilipia kwa vijana wengi.

Mizani ilianza kugeuka tarehe 14, na walioigeuza ni Wamisri wenyewe. Syria ilikuwa imelemewa na ilikuwa inaomba msaada. Rais Sadat wa Misri akaamuru vifaru vitoke kwenye ukanda ule kuelekea njia za mlimani za Mitla na Gidi. Shazly alipinga kwa nguvu zote, akakataliwa. Asubuhi hiyo vifaru vya Misri vilitoka chini ya mwavuli wa makombora, vikakutana na vifaru vya Israel vilivyokaa juu ya vilima vinavisubiri, huku ndege za Israel zikiwa huru kwa mara ya kwanza kwa kuwa vita vilikuwa vimezifuata mahali zinapoweza kufanya kazi. Misri ilipoteza vifaru karibu 250 siku hiyo. Ni kioo cha tarehe 8: safari hii Wamisri ndio waliopeleka vifaru bila kinga ya juu.

Tafadhali usihesabu vifaru 250 tu ukaishia hapo. Kilicho kikubwa zaidi ni mahali vilipotoka. Ili kushambulia siku ile, Misri ilikuwa imeivusha Divisheni ya 21 ya vifaru na sehemu ya Divisheni ya 4 kutoka ukingo wa magharibi kwenda mashariki. Hizo ndizo zilizokuwa akiba. Ulinzi wa tabaka bila akiba nyuma yake ni nyumba yenye kuta nene na mlango wa nyuma usio na mtu. Tangu siku ile, yeyote atakayevuka kwenda magharibi angekuta njia nyepesi.

Waisraeli walijua pa kuvukia. Askari wa upelelezi wa Sharon walikuwa wamekwisha kugundua kwamba kati ya Jeshi la Pili na Jeshi la Tatu la Misri, karibu na Ziwa Chungu Kubwa, kuna ufa usiolindwa sawasawa. Mshono kati ya makamanda wawili mara nyingi ndipo penye udhaifu, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake anapatazama. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16, askari wa miavuli wa Danny Matt walivuka pale Deversoir kwa boti za mpira. Matt huyu ndiye aliyeshuka kwa helikopta nyuma ya mizinga ya Abu Ageila mwaka 1967, kwa hiyo kwa mtu kama yeye kumtokea adui kwa nyuma halikuwa jambo geni.

Lakini usiku huohuo, kilomita chache nyuma yao, kulikuwa na mauaji ambayo siwezi kuyapita kimya. Barabara ya kuelekea kivukoni ilipita kandokando ya shamba la majaribio la umwagiliaji. Askari wa Israel waliliita Shamba la Wachina kwa sababu ya maandishi waliyoyaona kwenye mashine, ingawa yalikuwa ya Kijapani. Divisheni ya 16 ya Misri ilikuwa imejichimbia ndani ya mifereji ya shamba lile. Brigedi ya vifaru ya Amnon Reshef iliingia gizani katikati yao, ikapoteza zaidi ya watu 100 kwa usiku mmoja. Usiku uliofuata wakapelekwa askari wa miavuli kwa miguu, bila vifaru na bila picha kamili ya adui, na takriban 40 wakauawa. Kwanza vifaru bila miguu, halafu miguu bila vifaru, shamba lilelile. Huwa nawaambia wanafunzi wangu waziweke siku hizo mbili kando kwa kando kabla ya kuandika neno lolote juu ya kuunganisha silaha.

Ufa ulibaki wazi kwa shida. Daraja kubwa la kubingirisha, lenye uzito wa tani zipatazo 400, lilikuwa limekwama njiani. Vifaru vya kwanza vilivushwa kwa vivuko vya kuelea, kimoja kimoja, asubuhi ya tarehe 16. Havikufika 30. Kamanda wao alikuwa Haim Erez, na kazi aliyopewa ndiyo kiini cha jibu langu: asikae kulinda kivuko, aende akatafute vituo vya makombora.

Kituo cha makombora ya kutungulia ndege hutazama juu. Kina rada, magari ya umeme, mitambo ya kurushia, nyaya kila mahali, na wahudumu wake ni mafundi zaidi kuliko wapiganaji wa ardhini. Kwa ndege ni ngome ya kutisha. Kwa kifaru kinachotokea kwa nyuma, kati ya bustani na mifereji ya kijani ya upande wa magharibi, ni shabaha isiyo na kinga. Erez alivipiga vituo kadhaa siku ile ya kwanza na kurudi. Vingine vikahamishwa kwenda nyuma ili visifikiwe, na kituo kilichohamishwa, kwa saa hizo, ni sawa na kilichopigwa.

Hapo pakatokea tundu angani. Ndege za Israel, ambazo kwa siku kumi zilikuwa zinautazama Mfereji kwa mbali, zikaanza kupita kwenye tundu lile na kuwasaidia askari wa ardhini. Daraja la kuelea lilikamilika tarehe 17, divisheni ya Adan ikavuka, na kuanzia hapo vikawa vinasukumana: vifaru vinasogea na kufukuza makombora, ndege zinapata nafasi na kuvifagilia vifaru mbele, vifaru vinasogea tena. Shazly alitaka kurudisha brigedi za vifaru kutoka mashariki ili zizibe tundu hilo. Sadat alikataa, akiogopa kwamba kurudi nyuma kungevunja moyo wa jeshi zima. Siku chache baadaye Jeshi la Tatu lilikuwa limezingirwa.

Ukitaka kulipima jambo hili kwa vita vya juzi, tazama Zaporizhzhia mwaka 2023. Juni ya mwaka ule brigedi za Ukraine zilizopewa vifaru vya Leopard 2 na magari ya kivita ya Bradley zilishambulia kusini ya Orikhiv. Zilikuta mashamba ya mabomu ya kutegwa ardhini, nyuma yake mahandaki, nyuma yake mizinga, na helikopta za Ka-52 zikirusha makombora kutoka mbali zaidi ya pale ambapo kombora la begani lingezifikia. Gari la kusafisha mabomu likipigwa, msafara mzima unasimama kwenye ujia mwembamba. Hakukuwa na wa kuzifukuza helikopta zile, wala vifaru havikuweza kuvifikia viwanja vyake. Mwishowe Waukraine waliacha misafara, wakaenda kwa miguu makundi madogo madogo kufuata mistari ya miti, na ilichukua hadi mwisho wa Agosti kulishika kijiji cha Robotyne. Watu walikebehi vifaru. Mimi naona swali halikuwa kifaru cha aina gani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amemfungulia mwenzake mlango.

Sasa nimalizie kipande chako cha mwisho, mji wa Suez. Tarehe 24 Oktoba, Umoja wa Mataifa ukiwa umekwisha kutaka mapigano yasimame, kamandi ya Israel iliharakisha kuuchukua mji. Mbingu ilikuwa yao. Jeshi la Tatu lilikuwa limekatwa. Wakadhani watu waliomo wamekata tamaa, wakaingiza msafara wa vifaru na magari ya askari wa miavuli kwenye barabara kuu, makamanda wamesimama vichwa nje ya vifaru kama ilivyo desturi yao.

Ndani ya mji kulikuwa na askari waliorudi nyuma wakajipanga upya, polisi, na raia waliohamasishwa na Sheikh Hafez Salama, imamu wa mji huo. Waliuacha msafara uingie mpaka eneo la Arbaeen. Kisha RPG, maroketi ya begani ya kupigia vifaru, na mabomu ya mkono yakamiminwa kutoka madirisha ya pande zote mbili. Mtutu wa kifaru haunyanyuki hadi ghorofa ya juu ya nyumba iliyo kando yake, na makamanda wengi walipigwa katika dakika za mwanzo. Ndege zilikuwepo juu, lakini rubani hawezi kudondosha bomu kwenye barabara ambayo askari wake wako mita chache kutoka kwa adui. Askari wa miavuli waliokimbilia kituo cha polisi cha Arbaeen walijifungia humo hadi usiku, kisha wakatoka kwa kunyata. Waisraeli wapatao 80 walikufa siku ile. Pale mtaani ulikuwapo ulinzi mwingine wa tabaka, dirisha juu ya dirisha, na ufunguo wa nyumba kwa nyumba wanao askari wa miguu tu, ambao hawakuletwa wa kutosha. Suez ilibaki mikononi mwa Wamisri, imezingirwa, hadi majeshi yalipotenganishwa kwa makubaliano ya Januari 1974.